Nyumba za Pwani: Udongo wa Pemba, Mawe ya Lamu

Nyumba za asili za pwani ya Afrika Mashariki hutofautiana kwa sababu iliyo wazi: mjenzi alitumia kilichokuwa karibu naye. Wesha, kwenye ghuba ya Chake Chake upande wa magharibi wa Pemba, kilichokuwa karibu ni udongo mwekundu wa vilimani, mikoko ya mahorini na minazi. Makunduchi na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ni mawe, kwa kuwa huko jembe halizami kabla ya kugonga jiwe. Lamu ni matumbawe, chokaa na boriti. Ngazidja, Komoro, ni jiwe jeusi lililotapikwa na volkano ya Karthala. Hata hivyo mtu aliyelelewa Wesha akiingia katika nyumba yoyote kati ya hizo hapotei. Anajua mgeni hukaa wapi, anajua pa kuvua viatu, na anajua mlango ambao mwanamume asiye wa nyumba hiyo haupiti. Vifaa hubadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mpango wa maisha ndani ya nyumba umebadilika kidogo sana.

Maandishi mengi juu ya majengo ya Waswahili yameanzia kwenye mawe. Kitabu cha Peter Garlake cha mwaka 1966, ambacho bado ni msingi wa somo hili, kinahusu misikiti, makaburi na majumba ya mawe. Sababu inaeleweka: jiwe hubaki, udongo hurudi ardhini. Lakini tabia hiyo imezaa dhana mbaya, kwamba nyumba ya udongo ni nyumba ya mawe iliyokosa fedha, au hatua ya mwanzo ambayo watu walipaswa kuivuka. Pemba ndipo mahali pazuri pa kuipima dhana hiyo, kwa sababu nyumba ya udongo imekaa hapa zaidi ya miaka elfu moja bila kuondoka, hata zama ambazo mawe yalikuwepo, mafundi wa mawe walikuwepo na fedha zilikuwepo.

Ujenzi wa nyumba ya asili ya Pemba huanza na mti. Nguzo huchimbiwa pembeni na katikati, zile za katikati zikiwa ndefu zaidi kwa sababu ndizo zitakazobeba mwamba wa juu. Juu ya nguzo za pembeni hulazwa mtambaapanya. Kutoka hapo makombamoyo hupandishwa mpaka mwambani, na juu ya makombamoyo hufungwa mapao. Paa lina pande nne: kipaa cha mbele, kipaa cha nyuma, na visusi viwili vya ubavuni. Hakuna msumari. Kila kiungo hufungwa kwa kamba ya makumbi ya nazi, ambayo yamefukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa, yakafukuliwa, yakapondwa na kusokotwa na wanawake.

Paa huezekwa mapema, kuta zikiwa bado hazijakandikwa. Mgeni akipita wakati huo huona kitu cha ajabu kidogo, paa kamili limesimama juu ya miguu mitupu. Utaratibu huu una akili yake. Udongo mbichi haustahimili mvua, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja, ya masika na ya vuli. Paa likitangulia, kazi ya udongo hufanyika kivulini na hukauka taratibu bila kuoshwa. Makuti yenyewe hushonwa: majani ya mnazi hukunjwa juu ya upongoo au kijiti, yakashikizwa, kisha vipande hupangwa kuanzia chini kwenda juu, kila kimoja kikikilalia cha chini yake. Mwinuko wa paa huwa mkali, kwa sababu makuti hayazuii maji kwa unene bali kwa kuyakimbiza. Paa lililolazwa sana huoza haraka; lililosimama vizuri hudumu miaka mitatu, minne, pengine mitano.

Baada ya paa ndipo kiambaza. Fito hufungwa kwa ulalo nje na ndani ya nguzo, zikiacha nafasi katikati, na nafasi hiyo hujazwa vijiwe na madonge ya udongo. Siku ya kukandika si siku ya fundi mmoja. Majirani huja kwa msaragambo: wanaume huchimba na kuukanyaga udongo, wanawake na watoto huteka maji, na mwenye nyumba hupika. Kiambaza kikikauka hupasuka, na kupasuka huko hakumtii mtu wasiwasi, kwa sababu nyufa ndizo zitakazoushika udongo wa mkono wa pili. Mwisho husiribwa kwa udongo laini, na mwenye uwezo huongeza chokaa.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba kuta hazibebi chochote. Uzito wote wa paa unashuka kwenye nguzo. Kwa hiyo dirisha linaweza kutobolewa popote, chumba kinaweza kuongezwa, ukuta uliolika na mvua unaweza kubomolewa na kukandikwa upya, na paa lisijue. Nguzo iliyoliwa na mchwa hubadilishwa peke yake. Swali la umri wa nyumba ya namna hii halina jibu moja: makuti yana miaka miwili, kiambaza cha mbele kina kumi, nguzo ya kati ilichimbiwa na babu. Anayesema kwamba nyumba ya udongo haidumu anapima kwa kipimo cha jiwe. Nyumba hii hudumu kwa kutengenezwa, na mahali pake huweza kukaliwa vizazi vingi.

Upenu wa nyumba ya Pemba hushuka chini sana, kiasi cha mtu mrefu kuinama anapoingia. Wageni wamezoea kuliona hilo kuwa kosa la vipimo. Kwa kweli ndilo linaloiokoa nyumba, kwa sababu mvua inayopigwa na upepo huishia kwenye ncha za makuti na haiufikii udongo. Baraza, lile tuta la udongo lililokandamizwa mbele ya nyumba chini ya upenu, lina kazi mbili. Inayosifiwa na kila mtu ni ya kukaa, kuzungumza, kucheza bao na kupokea mgeni asiyestahili kuingizwa ndani. Inayosahauliwa ni ya kujenga: baraza hukinga kitako cha ukuta kisirukiwe na matone ya mvua, mahali ambapo kiambaza huanza kuliwa.

Kutoka barazani mlango hufungua ukumbi, ambao kwa kawaida hukata nyumba katikati mpaka nyuma, vyumba vikiwa kulia na kushoto. Ukumbi ukimalizika kuna mlango wa pili na ua uliozungushiwa makumba au fito. Huko ndiko kwenye jiko, mtungi wa maji na choo, na ndiko wanawake wanakofanya kazi na kuzungumza bila kuonwa na njia. Hivyo nyumba husomwa kwa mstari mmoja, kutoka kilicho cha watu wote hadi kilicho cha wenyewe: uwanja, baraza, ukumbi, chumba, ua. Mstari huo ndio utakaoonekana tena kwenye majumba ya Lamu, umejengwa kwa kifaa kingine.

Mbele ya baraza Wapemba wengi huacha uwanja mpana uliofagiliwa. Tangu karafuu ziliposhika kisiwa katika karne ya 19, na hasa baada ya dhoruba ya mwaka 1872 iliyoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiachia Pemba nafasi ya kwanza, uwanja huo umekuwa mahali pa kuanikia. Karafuu pia zimesaidia kuwatawanya watu. Vijiji vingi vya vilimani havina umbo la kijiji kilichobanana. Nyumba zimekaa moja moja au tatu tatu juu ya migongo ya vilima, zikitenganishwa na mikarafuu, migomba na mabonde ya mpunga.

Lakini Pemba nayo si moja. Kaskazini-mashariki, Micheweni na sehemu za karibu yake, udongo ni mchache na jiwe liko juu, kiasi kwamba kuvunja kokoto kumekuwa njia ya riziki. Huko kiambaza hujazwa mawe mengi kuliko udongo, na nyumba nyingi zina kuta za mawe matupu yaliyoshikizwa kwa udongo au chokaa. Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa mashariki, ardhi yenyewe ndiyo adimu: nyumba zimesogeleana mpaka upenu wa huyu unakaribia wa yule, na nafasi ya ua imebanwa. Mkojani anayekwenda dago, yaani kambi ya msimu ya wavuvi, hujenga tena kwa namna nyingine. Wavuvi wanaovuka kutoka Wesha na kwingineko kwenda kisiwa cha Misali hawahitaji ukumbi wala ua; banda la dago ni fito chache na makumba ya kuzuia upepo, na msimu ukiisha linaachwa.

Ushahidi wa kale unaonesha kwamba utaratibu huu wa udongo na makuti haukuletwa na umaskini wa zama za karibuni. Tumbe, kaskazini mwa Pemba, palikuwa na mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Wataalamu wa mambo ya kale Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher, waliochimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta mabaki ya nyumba za udongo, vyungu, shanga na vyombo vilivyotoka ng'ambo ya bahari. Mji uliofanya biashara na Ghuba ya Uajemi uliishi katika viambaza. Baada yake, jirani ya hapo, ukakua mji wa Chwaka, uliodumu kuanzia karne ya 11 hadi kiasi cha karne ya 16. Watu wa Chwaka walijenga misikiti minne ya mawe, na makaburi ya mawe, lakini walioswali humo waliendelea kulala karibu wote katika nyumba za udongo. Walikuwa na mawe, walikuwa na chokaa, walikuwa na mafundi. Walichagua kuyatumia mawe kwa Mungu na kwa maiti.

Si mbali na Wesha, kwenye rasi nyembamba inayoingia baharini, kuna magofu ya Ras Mkumbuu: msikiti mkubwa, makaburi ya nguzo, na nyumba chache za mawe. Anayetembea hapo akihesabu kuta zilizobaki atadhani mji ulikuwa mdogo. Hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu sehemu iliyojengwa kwa udongo imekwisha kurudi ardhini, nayo ndiyo waliyokaa wengi. Pujini, kusini-mashariki ya Chake Chake, ambako masimulizi yanamweka mtawala Mkama Ndume, ni kinyume kidogo cha mambo: ngome yenye maboma makubwa ya udongo, na ndani yake majengo ya mawe. Hata hapo vifaa viwili vilikaa pamoja. Msafiri Ibn Battuta naye, aliyefika Kilwa mwaka 1331, wakati ambapo jumba la Husuni Kubwa lilikuwa limekwisha kujengwa au linajengwa, aliusifu mji huo kwa uzuri wake akitaja nyumba za miti na paa za majani. Wasomaji wa leo hushangazwa na maelezo hayo. Mpemba hana la kushangaa.

Unguja hugawanyika mara mbili. Upande wa magharibi una udongo mzito, na nyumba za shamba za huko zilifanana na za Pemba. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe, na nyumba za Paje, Jambiani na Makunduchi zimejengwa kwa vipande vya jiwe la pwani vilivyopangwa kwa chokaa au udongo, chini ya paa lile lile la makuti lenye kipaa na visusi. Ukuta wa jiwe hauogopi mvua kama kiambaza, kwa hiyo upenu wa huko unaweza kuwa mfupi, na nyumba huonekana imeinua uso.

Mji Mkongwe ni jambo jingine. Uliinuka hasa katika karne ya 19, baada ya Sayyid Said wa Oman kuihamishia Unguja baraza yake ya utawala, na ndani yake mna mikono mitatu. Nyumba za Waarabu wa Oman zina kuta nyeupe zisizo na mapambo upande wa njia, na uwazi katikati ambao vyumba vyote huuzunguka. Nyumba za Wahindi zina duka chini, familia juu, na roshani za mbao zinazotazama njia. Mkono wa tatu, wa Waswahili wenyewe, haujapotea: baraza za mawe zimejengwa mbele ya majumba ya makabila yote, na ukali wa kutenganisha mgeni na ndani ni ule ule. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020, haliingii vizuri katika somo la nyumba za kawaida, ingawa ndilo linalopigwa picha zaidi. Kwa mwenye kutaka kujua watu waliishije, Ng'ambo ina mengi ya kusema: huko, ng'ambo ya hori lililokuja kufukiwa, wengi wa watu wa mjini walijenga viambaza na makuti kwa mpango ule ule wa ukumbi na ua.

Lamu ndiko sanaa ya nyumba ya mawe ilikofika mbali zaidi. Nyumba nyingi kubwa zilizobaki ni za karne ya 18. Mgeni hupita daka, ukumbi mdogo wa nje wenye viti vya mawe pande mbili, kisha tekani, ambayo imepinda ili mtu aliye mlangoni asione ndani. Tekani hutokea kwenye kiwanda, yaani uwazi wa katikati. Baada ya kiwanda vyumba hufuatana vikienda ndani: msana wa tini, msana wa yuu, ndani, na nyuma yake nyumba ya kati na choo. Kila kimoja ni kirefu na chembamba, kimelala sambamba na chenzake, na kila kimoja huwa na sakafu iliyopanda kidogo na mwanga uliopungua. Mapambo hufuata njia hiyo hiyo. Ukuta wa mwisho, kule ndani, ndio uliojaa zidaka, safu za matundu ya plasta yaliyochongwa, ambamo ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina na vitu vingine vya thamani. Kwa kawaida vyumba hutazama kaskazini, upande wa kibla.

Mpango huo ni ule ule wa Wesha, baraza hadi chumba cha ndani, isipokuwa umekunjwa na kuongezwa hatua. Tofauti kubwa ni mahali pa ua: Pemba uko nyuma, Lamu uko katikati na vyumba huuangalia. Sababu moja ni msongamano wa mji wenye vichochoro. Nyingine ni desturi ya mali. Familia za Lamu zilimpa binti nyumba anapoolewa, na mara nyingi nyumba hiyo ilijengwa juu ya ya mama yake au jirani nayo, ikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachovuka juu ya kichochoro. Nyumba ya mawe inaweza kubeba ghorofa ya binti. Kiambaza hakiwezi; Pemba binti hujengewa pembeni.

Ukuta wa Lamu una unene wa karibu nusu mita. Jiwe gumu la nchi kavu hutumika kwa kuta; tumbawe laini lililotolewa baharini lingali na maji huchongwa kwa misumeno na shoka ndogo kufanyiwa miimo, vidaka na mihirabu, kwa kuwa likikauka hukataa chuma. Chokaa hupatikana kwa kurundika magogo, kuyapandisha mawe juu yake na kuchoma, kisha kuliacha rundo lipigwe na mvua. Kinachozuia upana wa chumba ni boriti. Dari hubebwa na boriti za mikoko zilizolazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na gogo zuri la mkoko lililonyooka halifiki mbali: chumba hubaki mita mbili na nusu, kwa taabu mita tatu. Chumba cha tajiri kinaweza kurefuka kiasi anachotaka, lakini hakiwezi kupanuka. Ndiyo maana nyumba za Lamu, Mombasa, Unguja na Kilwa zote zina vyumba vinavyofanana na ushoroba.

Kipimo hicho kilivuka bahari. Majahazi yaliyokuja na kaskazi kutoka Oman, Kuwait na Basra yalirudi na kusi yakiwa yamesheheni miti ya Lamu na ya delta ya Rufiji, iliyouzwa kwa korija na kutajwa kwa unene wake, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nchi za Ghuba hazina misitu, na dari za nyumba zao za zamani zilikaa juu ya mti uliokatwa Afrika Mashariki. Kwa hiyo chumba cha Muscat na chumba cha Mji Mkongwe vina upana mmoja si kwa sababu Waarabu waliwafundisha Waswahili, wala kinyume chake. Wote wawili walilipima chumba kwa mti mmoja.

Kusini zaidi mambo hugeuka tena. Ngazidja huchanganya jiwe jeusi la volkano na chokaa ya matumbawe, na huko nyumba ni ya mwanamke kwa nguvu zaidi kuliko popote pwani: mume huhamia kwa mke, na baba au kaka humjengea binti miaka mingi kabla ya ndoa kuu. Kisiwa cha Msumbiji kina mji wa mawe wenye paa za bapa zinazokusanya maji ya mvua, kwa kuwa visima vya kisiwa havitoshi, na kando yake mji wa makuti uliokaa chini ya usawa wa njia, mahali palipochimbwa mawe ya kujengea majumba ya wengine.

Bara, nyumba ya pwani ilisafiri na misafara. Nyumba ya pembe nne yenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na ua nyuma ilifika Tabora na Ujiji katika karne ya 19, ikavuka Ziwa Tanganyika mpaka Kongo ya mashariki, na baadaye ikawa nyumba ya kawaida ya Kariakoo na Magomeni, Dar es Salaam, na ya mitaa iitwayo Majengo katika miji ya Kenya. Huko kila chumba kilianza kupangishwa kwa familia yake, kwa hiyo ukumbi uliokuwa wa nyumba moja ukawa njia ya wapangaji sita. Nyumba hiyo ya pwani ilikutana na wenyeji wa bara waliokuwa na majibu yao. Wagogo, wenye mvua chache, walijenga tembe, nyumba ya pembe nne yenye paa la bapa la udongo, ambalo Pemba lingeyeyuka kwa masika moja. Wahaya, karibu na ziwa ambako mvua ni nyingi, walijenga msonge, duara la nyasi kuanzia kileleni hadi chini, paa na ukuta vikiwa kitu kimoja. Wairaqw walichimba nyumba zao nusu ndani ya mlima ili adui asizione.

Upana wa tofauti hizi unalingana na ule wa nchi iliyochunguzwa sana kwa jambo hili, China. Katika nyanda za vumbi la manjano za Shanxi na Shaanxi watu walichimba makao ndani ya ardhi. Tetemeko la mwaka 1556 liliua watu wengi sana katika eneo hilo, na wengi walifukiwa na makao hayo hayo. Beijing nyumba nne huuzunguka uwanja mpana unaoingiza jua la majira ya baridi. Kusini, ambako jua ndilo la kukimbiwa, uwanja huo umebanwa ukawa kisima chembamba cha mwanga na mvua. Fujian koo nzima zilikaa ndani ya ngome moja ya udongo ulioshindiliwa, ya duara au ya pembe nne, na katika milima ya Guizhou nyumba za mbao husimama juu ya miguu. Mpangilio wa familia, mkubwa mahali pa juu na mlango ukilindwa, hubaki. Kinachowafanya mafundi wa Kichina na wa Pemba wakaribiane ni kiunzi: nyumba ya mbao ya Kichina nayo hubebwa na nguzo, na ukuta, uwe wa tofali, udongo au mbao, ni wa kujaza tu. Bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi na Mambrui zinaonesha kwamba vitu vilifika. Hakuna haja ya kudhani kwamba ujenzi nao ulisafiri. Mti, udongo na mvua vilitosha kufundisha jambo moja mahali pawili.

Mabadiliko makubwa ya nyumba ya Pemba yaliletwa na bati. Lilipoenea kwa fedha za karafuu lilimwondolea mwenye nyumba kazi ya kuezeka kila baada ya miaka michache, na hilo si dogo mahali ambapo makuti mazuri yana bei. Bati halihitaji mwinuko mkali, kwa hiyo paa lilishuka. Ni ghali kwa kila futi, kwa hiyo upenu ulifupishwa. Matokeo yake kiambaza kilichokuwa kikilindwa kikaanza kuoshwa, na hapo ndipo watu walipohitaji saruji. Joto la mchana na kelele ya mvua vilipokewa kama sehemu ya gharama. Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ilijenga majumba ya ghorofa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, makubwa zaidi yakiwa ya Michenzani, Unguja, na mengine Pemba. Katika majumba hayo baraza na ua viliondolewa kwa mpigo mmoja. Wakazi walivirudisha kadiri walivyoweza: ngazi na chini ya majengo vikawa baraza, roshani zikawa ua wa kuanikia na kupikia.

Nyumba inayojengwa sasa Wesha na kwingineko Pemba ni ya matofali ya saruji. Kwa mara ya kwanza ukuta wa nyumba ya kawaida unabeba paa, na mambo mengi yamegeuka kwa sababu hiyo. Ukuta hutangulia na paa hufuata, hivyo nyumba iliyoishiwa fedha hubaki kuta bila paa, wakati zamani ilikuwa paa bila kuta. Kazi ya siku moja ya msaragambo imekuwa kazi ya fundi wa kulipwa na ya miaka, tofali baada ya tofali. Mchanga huchimbwa kwa wingi kuliko ardhi ya visiwa inavyomudu, na mikoko, iliyokuwa ikikatwa kwa nguzo na fito, hukatwa kwa majukwaa ya ujenzi na kuni. Mpango wa ndani umebadilika kidogo: baraza ni ya saruji, ukumbi umewekewa vigae, ua umezungushiwa ukuta. Nyuma, katika nyumba nyingi, jiko bado ni banda la udongo na makuti, kwa sababu moshi wa kuni hupenya kwenye makuti na kufukuza wadudu wake, na chini ya bati hauna pa kutokea.